Pima Godoro Kwanza, Ua Baadaye

Mazungumzo ya redio katika mfululizo wa biashara ndogo ndogo
Walengwa: wakimbizi na wenyeji wanaowapokea, hasa akina mama wauzaji wa matandiko na mafundi cherehani
Mzungumzaji: fundi cherehani na muuzaji wa matandiko, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda
Muda: dakika 20

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Karibuni tena katika kipindi chetu cha biashara ndogo ndogo. Leo tunasimama kwenye meza ya mashuka, foronya na vitandikio, biashara ambayo akina mama wengi wameifanya kuwa mkate wa nyumba. Yuko nasi mama mmoja anayeshona na kuuza matandiko ya wanawake, atakayetueleza namna ya kumpatia mteja kipimo kinachofaa. Mama, karibu. Kipaza sauti ni chako.

(Muziki unakwisha.)

MZUNGUMZAJI: Asante sana, ndugu mtangazaji. Jioni njema kwenu nyote mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, na ninyi mnaotusikiliza kutoka makazi mengine. Nawasalimu pia wenyeji wa Isingiro, majirani zetu na wateja wetu.

Ndugu zangu, Nakivale imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapa wamepita watu wa nchi nyingi, na wengi wetu tulifika na mwili tu. Lakini mtu hata akipoteza kila kitu, usiku ukifika lazima alale. Kwa hiyo matandiko ni biashara isiyokosa mteja. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa nafasi ya kufanya kazi na kuuza, jambo ambalo wenzetu katika nchi nyingine hawana. Nafasi hiyo tusiipoteze kwa kununua mali isiyouzika.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye nguo ya kuvaa, naweza kukubali. Kwenye matandiko, kuna vizuri vingi vinavyokaa mezani mwaka mzima. Shuka lina maua, lina rangi ya waridi, lina lesi pembeni, kila mama anayepita analishika na kulisifu. Anauliza, "Ni la futi ngapi?" Unamjibu, "Sita kwa sita." Anakunja uso, analirudisha. Kitanda chake ni nne kwa sita. Amelipenda, lakini hawezi kulilalia.

Ndiyo maana neno langu la leo ni fupi: pima godoro kwanza, ua baadaye. Mteja akija, usianze kumwonyesha rangi. Anza kumuuliza kuhusu godoro lake, chumba chake na watu wanaolala pale. Ukishajua hayo, ndipo ufungue bunda.

Nianze na hesabu ya mtaji, maana hapo ndipo akina mama wengi tunaumia. Nitatoa mfano tu, bei zinapanda na kushuka. Chukua mama aliyekopa shilingi 300,000 kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, kile cha sanduku lenye kufuli tatu. Amepanda gari hadi Mbarara, ameona seti nzuri za sita kwa sita kwa shilingi 30,000 kila moja, akachukua kumi. Anauza kila seti 40,000. Faida ni 10,000 kwa seti. Kwenye daftari inaonekana vizuri: seti kumi, faida 100,000.

Sasa mwezi wa kwanza anauza seti tatu tu, kwa sababu wenye vitanda vya sita kwa sita mtaani kwake ni wachache. Amepata faida 30,000. Lakini kama kikundi kinatoza riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ya mwezi huo nayo ni 30,000. Faida yote imekwenda. Seti saba ziko mezani, shilingi 210,000 zimelala, na mwezi wa pili unaanza na riba yake. Mama huyu hakuibiwa, wala hakuwa mvivu. Amenunua kipimo ambacho majirani zake hawalalii.

Kwa hiyo kabla ya kwenda mjini, tembea kwanza mtaani kwako na daftari. Uliza nyumba ishirini. Nani ana mbili na nusu kwa sita? Nani ana tatu, tatu na nusu, nne, tano, sita? Piga alama. Ukikuta nyumba kumi na mbili zina nne kwa sita na nyumba moja tu ina sita kwa sita, basi bunda lako lifuate hesabu hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la matandiko huanza kabla ya kununua.

Sasa tuzungumze juu ya vipimo vyenyewe.

Hapa Uganda, kama ilivyo Kenya na Tanzania, magodoro yanatajwa kwa futi, na unene wake kwa inchi. Lakini wateja wetu waliotoka Kongo na Burundi wengi wamezoea sentimita. Mmoja anasema, "Nataka la tano kwa sita." Mwingine anasema, "Nataka la mia moja arobaini." Ukikosa kujua kugeuza, utawapoteza wote wawili. Chukueni kalamu, nitasoma polepole.

Futi 1 ni karibu sentimita 30 na nusu. Kwa hiyo futi 2 na nusu ni sentimita 76. Futi 3 ni sentimita 91. Futi 3 na nusu ni sentimita 107. Futi 4 ni sentimita 122. Futi 5 ni sentimita 152. Futi 6 ni sentimita 183.

Angalieni pale katikati. Mteja wa sentimita 140 hana ndugu katika futi. Amezidi nne, hajafika tano. Ukimpa shuka la kutandaza la tano kwa sita litamfaa, utamwambia tu akunje zaidi pembeni. Ukimpa la nne kwa sita, usiku litamtoka.

Jambo la pili: pima godoro, usipime kitanda. Seremala mmoja akisema nne kwa sita anahesabu ndani ya mbao, mwingine anahesabu pamoja na mbao. Na godoro lililolaliwa miaka mingi huwa limepungua unene. Shuka linavaa godoro, halivai mbao.

Mteja ataniambia, "Mama, mimi sina futi ya kupimia nyumbani." Usimwambie apime kwa shibiri wala kwa mkono. Shibiri yake si shibiri yako. Mimi nampa kamba. Kila mteja asiyejua kipimo chake namkatia kamba nyembamba isiyovutika, namwambia: "Nenda nyumbani. Shika mwanzo wa kamba kwenye ukingo wa godoro, ivute hadi ukingo wa pili, funga fundo. Huo ni upana. Rudi tena mwanzo wa kamba, pima urefu, funga fundo mbili pamoja. Kisha simamisha kamba ubavuni mwa godoro, funga fundo tatu pamoja. Huo ni unene." Kesho yake anarudi na kamba, nami naiweka juu ya futi yangu ya cherehani. Kamba hiyo haina gharama kubwa, na mtu uliyempa kamba kwa kawaida anarudi kwako, haendi meza ya jirani.

Kwa nini nasisitiza unene? Kwa sababu shuka halifuniki juu peke yake. Linashuka ubavuni, kisha linaingia chini. Hesabu yake ni hii: upana wa godoro, jumlisha unene mara mbili, jumlisha sentimita 20 za kuingiza chini kila upande, yaani 40. Urefu nao unahesabiwa vivyo hivyo.

Tufanye pamoja. Godoro la nne kwa sita lenye unene wa inchi 4, yaani sentimita 10. Upana ni 122, jumlisha 20, jumlisha 40. Jumla 182. Urefu ni 183, jumlisha 20, jumlisha 40. Jumla 243. Shuka lake ni sentimita 182 kwa 243. Sasa godoro hilo hilo la nne kwa sita, lakini la inchi 6, yaani sentimita 15. Upana unakuwa 192 na urefu 253. Mmeona? Wateja wawili wote wanasema nne kwa sita, lakini mashuka yao yanatofautiana sentimita 10 kila upande. Yule wa godoro nene ukimuuzia shuka la godoro jembamba, pembe zitachomoka kila usiku.

Kama unashona mwenyewe, ongeza sentimita 5 za pindo kwa kila ukingo uliokatwa. Na kitambaa cha pamba kiloweke maji na kukikausha kabla ya kukata, kwa sababu pamba hupungua ikifuliwa mara ya kwanza. Iache ipungue mikononi mwako, isipungue mikononi mwa mteja.

Wengi huniuliza kama kitenge kinatosha kuwa shuka. Kitenge cha kawaida kina upana wa karibu sentimita 115, na kipande kizima ni yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu. Kikate katikati, upate vipande viwili vya mita 2 na sentimita 70 na kidogo. Viunganishe ubavu kwa ubavu. Baada ya mshono utapata upana wa sentimita 227 hivi. Hesabu ya godoro la tano kwa sita la inchi 6 inataka sentimita 222 kwa 253. Kinatosha! Lakini kwa sita kwa sita la inchi 6 unahitaji 253 kwa 253, na hapo kitenge kimoja hakitoshi. Mwambie mteja mapema, usimvutevute. Na mshono wa katikati uulaze bapa, usiwe uzi mnene utakaomkwaruza mgongoni.

(Muziki mfupi. Unashuka.)

Niseme kidogo kuhusu mitumba, kwa sababu wengi wetu tunachukua mabunda kutoka Owino, Kampala. Mashuka ya mitumba ni mazuri, pamba yake mara nyingi ni nzito, lakini yameshonewa vitanda vya Ulaya na Marekani. Usiamini neno lililoandikwa kwenye lebo. Amini namba.

Nitawapa mfano. Lebo inasema "King". Kama imetoka Uingereza, godoro lake ni sentimita 150 kwa 200. Hilo ni karibu sawa na tano kwa sita yetu kwa upana. Kama imetoka Marekani, "King" ni sentimita 193 kwa 203, hata sita kwa sita yetu inabaki ndani. Neno moja, vitanda viwili tofauti. Lebo ya "Double" ya Uingereza ni 135 kwa 190: imezidi nne yetu na haifiki tano.

Kisha kuna shuka la mpira pembeni. Hilo halina huruma. Shuka la kutandaza likizidi unakunja, lakini la mpira likiwa dogo halivutiki, likiwa kubwa linakusanyika mgongoni. Shuka la mpira la 90 kwa 200 kwenye godoro letu la tatu kwa sita linakaa vizuri upande wa upana, lakini linazidi karibu sentimita 17 kwa urefu. Fundi anaweza kulipunguza. La 140 kwa 200 haliwezi kuingia kwenye tano kwa sita. Usimuuzie mtu kwa kumwambia, "Litavutika tu, mama." Halitavutika, na kesho atakuja nalo mbele ya wateja wengine.

Foronya nazo ziangalie. Zile za mraba, 65 kwa 65 au 80 kwa 80, zimetoka nchi zinazotumia mito ya mraba. Kwenye mito yetu mirefu hazikai. Zifumue, zishone upya kwa kipimo cha hapa, au uzigeuze kuwa vifuniko vya mito ya kiti.

Sasa nije kwa wanawake wenyewe, maana matandiko ya mwanamke si maua peke yake. Ninapouliza "nani analala pale", nasikia mambo ambayo rangi haiwezi kuniambia. Nitawaeleza wateja wa aina tano.

Wa kwanza ni dada anayeishi peke yake katika chumba kimoja. Kitanda chake mara nyingi ni mbili na nusu au tatu kwa sita. Mchana kitanda hicho ndicho kiti cha wageni, na chini yake ndimo ghala: sufuria, begi, unga. Huyu shuka la kulalia peke yake halimtoshi. Anahitaji kitandikio kinachoshuka hadi karibu na sakafu, kifiche vilivyo chini. Mpimie kutoka juu ya godoro hadi sentimita chache kabla ya sakafu, kisichafuke kwa vumbi wala kumnasa miguuni. Rangi ya waridi akitaka mpe, lakini upande wa kukaliwa uwe kitambaa kigumu.

Wa pili ni mama mwenye mtoto mchanga. Huyu anafua kila siku, na maji anayapanga foleni. Usimuuzie seti moja ya bei kubwa. Mashuka mawili ya bei nafuu, moja likifuliwa moja limetandikwa, yatamsaidia zaidi. Na hapa nasema kwa uzito: usimuuzie mto wa mtoto, hata kama una maua mazuri kiasi gani. Mtoto mchanga hahitaji mto. Alale chali, mahali tambarare pagumu kidogo, bila mito na nguo nyingi karibu na uso wake, asije akakosa hewa. Faida ya mto mmoja haifai kulinganishwa na pumzi ya mtoto.

Wa tatu ni mama anayelala na watoto watatu kwenye godoro moja, tena mara nyingi godoro liko juu ya mkeka. Watoto wanageuka usiku, shuka linakusanyika katikati. Huyu muongezee sentimita za kuingiza chini, kutoka 20 hadi 30 kila upande, au mshonee kamba fupi kwenye pembe nne azifunge chini ya godoro. Akiuliza ushauri wa kununua godoro jingine, usimsukume kwenye sita kwa sita. Mwambie afikirie kitanda cha ghorofa, wengi hukiita deka, cha mbili na nusu kwa sita. Watoto wawili watalala juu na chini katika eneo la kitanda kimoja.

Wa nne ni msichana anayekwenda shule ya bweni. Mzazi anakuja na haraka, anataka kitu kizuri. Mwombe karatasi ya mahitaji ya shule. Shule nyingine zinataja rangi, na vitanda vya bweni huwa vyembamba. Ukimuuzia shuka la nne kwa sita lenye maua makubwa mekundu, huenda likarudishwa getini. Mpe mawili ya kipimo cha kitanda chake, moja liwe la rangi nzito.

Na hapo niseme jambo ambalo akina mama wanauliza kwa sauti ya chini. Wasichana na wanawake wengi wanaomba shuka la rangi nzito kwa sababu ya siku zao za mwezi. Msichana wa bweni anaogopa asubuhi wenzake wakiona doa. Usicheke, wala usimtangazie mezani mbele ya vijana. Mwonyeshe rangi ya zambarau, ya kahawia, ya buluu nzito, au yenye maua madogo yaliyosongamana. Mwambie pia doa la damu lifuliwe mapema kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hulifanya ligande. Muuzaji akijua kuyasema haya kwa heshima, mteja huyo atamletea dada zake.

Wa tano ni bibi harusi, au niseme shangazi yake, kwa sababu ndiye anayekuja kununua. Shangazi anataka sita kwa sita, mashuka meupe yaliyodariziwa, foronya nne, heshima ya ukoo. Nami napenda kuuza! Lakini namuuliza, "Shangazi, watalala chumba cha ukubwa gani?"

Viwango vya kibinadamu vinavyoitwa Sphere vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi ndani ya nyumba. Kitanda cha sita kwa sita peke yake kinachukua mita za mraba 3.35. Yaani kinakula karibu nafasi yote ya mtu mmoja. Cha tano kwa sita kinachukua 2.78. Cha nne kwa sita kinachukua 2.23. Fikiria chumba cha mita 3 kwa 3. Weka sita kwa sita kwenye kona. Ubavuni imebaki njia ya mita 1 na sentimita 17. Mtoto akizaliwa, ukaweka kitanda cha futi 2 na nusu ubavuni, umebakiwa na sentimita 41. Mama huyo atapita kwa ubavu kila siku.

Basi namwambia shangazi: tumchukulie tano kwa sita, na ile fedha iliyobaki tuiweke kwenye udarizi. Jina la bibi harusi, maua ya pembeni, lesi kwenye foronya. Mgeni akiingia anaona udarizi, hahesabu futi. Shangazi wengi wakishafikiria chumba, wanakubali. Na akikataa, mali ni yake, mshonee sita kwa sita kwa moyo mweupe. Wewe umeshatimiza wajibu wako wa kumwambia.

Tusiwasahau mama wajawazito na bibi zetu wazee. Kwao kipimo kikubwa ni kimo. Akikaa ukingoni, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Kitanda kirefu kwenda juu kinamwangusha, godoro la chini kabisa linamtesa kuinuka. Kitandikio chake kisifike chini, kisije kikamkwaza gizani.

Jambo jingine ni chandarua. Kila ukiuza shuka, uliza kuhusu chandarua. Malaria haichagui kitanda. Chandarua nacho kiwe na upana wa kutosha kuingizwa chini ya godoro pande zote, kwa hiyo kamba ile ile ya vipimo itakusaidia. Na nawaomba wauzaji wenzangu: mtu akikuletea chandarua alichopewa cha kujikinga, akitaka kukuuzia kwa sababu ya njaa, usinunue. Wala usikikate kushonea lesi.

Nimalizie na uaminifu wa mezani. Mimi nina kanuni tatu, si ngumu.

Kwanza, kila shuka lina karatasi ndogo iliyobanwa kwa pini: kipimo cha shuka lenyewe kwa sentimita, na godoro linalolifaa kwa futi na inchi. Mteja asiyejua kusoma namfungulia, tunapima pamoja kwa kamba yake.

Pili, shuka ambalo halijafuliwa wala kulaliwa, likikosa kuenea, analirudisha ndani ya siku tatu nami nambadilishia. Wengine wananiambia nitapata hasara. Tangu nianze kutoa kamba, wanaorudisha ni wachache sana.

Tatu, nikikopesha naandika. Jina, kipimo, kiasi, siku ya kulipa, na mteja anaweka sahihi au dole gumba. Kipimo nakiandika kwa sababu akirudi mwaka ujao sihitaji kumuuliza tena. Namwambia tu, "Mama, lako ni nne kwa sita, inchi sita, sivyo?" Anacheka, anaona anajulikana. Hapa ambapo wengi wetu tumekaa miaka tukiitwa kwa namba za karatasi, mtu kukumbukwa kwa kitanda chake ni jambo dogo lenye uzito.

Akina mama wenzangu, fedha iliyo katika bunda lile ni hisa za kikundi, ni ada ya shule, ni dawa. Isilale mezani kwa sababu ya futi moja. Kamba, daftari na swali la heshima, hivyo vitatu havihitaji mkopo. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Asante sana, mama. Wasikilizaji, tumesikia: pima godoro, si kitanda, hesabu upana, unene mara mbili, na sentimita 40 za kuingiza chini, soma namba ya mitumba, si neno, na muulize mteja analala na nani kabla ya kumwonyesha maua. Kwa vikundi vinavyosikiliza pamoja, haya hapa maswali ya kujadiliana.

Swali la kwanza: katika mtaa wenu, kipimo gani cha godoro ni cha wengi, na wauzaji wanaleta kipimo gani?

Swali la pili: godoro la tatu kwa sita lenye unene wa inchi 4 linahitaji shuka la sentimita ngapi kwa ngapi? Fanyeni hesabu pamoja. Jibu ni 151 kwa 243.

Swali la tatu: kikundi chenu cha akiba kinamuuliza nini mwanachama anayeomba mkopo wa kununua mali? Je, kinamuuliza kama amewauliza wateja wake kwanza?

Swali la nne: muuzaji afanye nini ili wasichana waweze kuulizia matandiko ya siku zao za mwezi bila aibu?

Tumefika mwisho wa kipindi. Laleni salama, na hadi tutakapokutana tena, kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)